Bunduki ya mzee ilitoka wapi?

Mazungumzo kwa wajumbe wa kamati za amani za vijiji, Kalemie

 

Kwenye programu ya warsha imeandikwa kwamba saa hii tutasema juu ya «ufuatiliaji wa silaha». Ni maneno ya ofisini. Maana yake ni hii: mtu anapokuta bunduki mahali isipotakiwa kuwa, anauliza ilitengenezwa wapi, ilikabidhiwa nani, ilitoka vipi mikononi mwa mwenye haki nayo, na ilifikaje hapa. Tulikuwa tumeandaa karatasi za kuwasomea, lakini jana jioni tulikubaliana kuziweka kando na kuwasimulia habari ya bunduki moja tu. Tuliishughulikia sisi wenyewe, na katika kazi hiyo kuna mahali tulipofanya vizuri na mahali tulipokosea.

Hatutataja kijiji. Kiko upande wa barabara ya kutoka hapa kwenda Moba, watu wake ni wavuvi na walimaji wa mihogo, hiyo yatosha. Wahusika wametupa ruhusa ya kusimulia bila majina.

Katika kijiji hicho vijana wawili wa mama mmoja waliuawa usiku wakilinda shamba lao. Asubuhi mama yao aliokota maganda sita ya risasi kwenye majani, akayaosha, akayaweka ndani ya kopo la maziwa. Hakuna aliyekamatwa. Mwaka uliofuata, mvua ya mwezi wa tatu iliangusha paa la nyumba ya zamani ya mzee mmoja, na majirani walikwenda kumsaidia kutoa miti. Ndani ya nyasi za paa walikuta kitu kirefu kilichofungwa kwa turubai na kamba za katani. Walipofungua, ilikuwa bunduki.

Ninyi mnajua habari inavyotembea kijijini. Saa nne asubuhi ilikuwa «wamekuta bunduki kwa mzee». Saa tisa ilikuwa «wamekuta bunduki iliyoua watoto wa mama yule». Jioni vijana kama thelathini walikuwa mbele ya nyumba ya mzee, wengine na mapanga. Tena familia ya mzee na familia ya mama yule zilikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, kwa hiyo hadithi ilikuwa tayari imekamilika, ilibaki tu kuwasha moto. Chifu alifanya jambo la busara: alimchukua mzee pamoja na bunduki, akawalaza wote wawili nyumbani kwake mwenyewe, akatuma pikipiki kwetu na nyingine kwa polisi.

Tulifika kesho yake pamoja na inspekta wa polisi. Hapa tuseme wazi kabla ya kuendelea: sisi raia, hata wa mashirika, hatubebi bunduki, hatuishiki, hatuiweki ofisini. Inspekta ndiye aliyehakikisha kwamba haina risasi ndani, ndiye aliyeishika muda wote. Sisi tuliangalia, tukapima, tukapiga picha na kuandika.

Kitu cha kwanza kilichotushangaza ni urefu. Ilikaribia mita moja na robo. Kalashnikov, ambayo hata watoto wetu wanaijua kwa bahati mbaya, haifiki mita. Mti wake ulifika karibu na mdomo wa mtutu. Chini ya mwili, mbele ya kifyatulio, kulikuwa na kisanduku cha chuma cha kuwekea risasi tano tu. Na mtutu wake ulikuwa wa ajabu: bomba ndani ya bomba, yaani mtutu wenyewe umevikwa bomba jingine jembamba la chuma. Kati ya yale mabomba mawili kutu ilikuwa imejaa kama unga. Komeo, kile chuma kinachovutwa nyuma kwa mkono ili kuingiza risasi, halikusogea hata kidogo.

Inspekta alifuta kutu kwa kitambaa na mafuta ya taa, polepole, na maandishi yakatoka. Yalikuwa ya Kifaransa, yenye jina la kiwanda cha taifa cha silaha za vita cha Herstal, Ubelgiji. Hiki ndicho kiwanda ambacho watu wengi wanakijua kwa herufi mbili, FN. Kilianzishwa mwaka 1889 karibu na mji wa Liège, na kilianzishwa kwa ajili ya kazi moja: kutengeneza bunduki 150,000 aina ya Mauser kwa jeshi la Ubelgiji. Mtindo huo unaitwa Mauser ya 1889, na lile bomba ndani ya bomba ndiyo alama yake kubwa. 

Vijana waliokuwa wanatazama kupitia dirishani walisikia neno «Ubelgiji», nao wakapiga kelele: «Mnaona? Wazungu wanawapa silaha!» Tunaomba tukae kidogo juu ya jambo hili, maana katika kamati zenu mtalikuta mara nyingi. Jina la nchi lililopigwa kwenye chuma linasema bunduki ilizaliwa wapi. Halisemi ni nani aliyeileta. Kalashnikov yenye alama za China yaweza kuwa iliuzwa kwa halali kwa jeshi la nchi fulani, ikachukuliwa vitani na jeshi la nchi nyingine, ikapewa kundi lenye silaha, kijana wa kundi hilo akaiuza kwa mfugaji apate pesa ya kula. Ukisema «ni ya China» umesema mwanzo tu, umeruka watu wote waliopo katikati, na hao wa katikati ndio tunaowatafuta. Hata hii Mauser ya Ubelgiji haikutengenezwa Ubelgiji peke yake. Mwezi wa nane mwaka 1914 Wajerumani waliteka Liège, na wakati ule wa vita Wabelgiji waliagiza bunduki za mtindo huo huo kutoka Birmingham huko Uingereza na kutoka Norwich, Connecticut, huko Marekani. Bunduki moja, nchi tatu.

Tukatazama namba. Mwili wa bunduki ulikuwa na namba moja na komeo lilikuwa na namba nyingine. Bunduki inapotoka kiwandani namba hizo zinalingana. Zikitofautiana, maana yake mtu aliyekuwa na bunduki nyingi za aina hiyo aliitengeneza kwa kutoa komeo la moja na kulitia kwenye nyingine. Kazi hiyo hufanyika katika ghala la jeshi au la polisi, haifanyiki porini. Palikuwa pia na herufi ndogo zenye taji juu yake, ambazo ni alama za wakaguzi wa kule ilikotengenezwa. Yote haya tuliyaandika kwenye daftari, tukachora alama kwa penseli mahali ambapo picha haikuonyesha vizuri. Kamera inadanganyika na mng'ao wa mafuta, penseli haidanganyiki.

Na kwenye kitako, juu ya mti, kulikuwa na mikato kumi na moja ya kisu, imepangwa mstari. Hiyo ndiyo iliyotaka kumuua mzee. Vijana walisema kila mkato ni mtu.

Ndipo tukamwomba chifu amwite mama mwenye kopo.

Alikuja na wajomba zake, akaketi mbali na mzee. Tulimweleza tunachotaka kufanya na tukamwomba ruhusa, maana maganda yale yalikuwa kitu pekee alichobaki nacho cha usiku ule. Inspekta aliyamwaga kwenye mkeka. Mwalimu wa shule alileta rula ya mwanafunzi. Ganda lilikuwa na urefu wa milimita 39. Risasi ya ile Mauser ina kipenyo cha milimita 7.65 na ganda lake lina urefu wa milimita 53. Tukachora ganda la urefu huo kwenye karatasi na kuweka ganda la mama pembeni yake; hata mtu asiyejua kusoma aliona kwamba moja ni fupi na jembamba kuliko jingine. Kijana mmoja fundi wa redio akaleta sumaku ya spika iliyoharibika. Maganda yote sita yalinasa kwenye sumaku, yaani ni ya chuma cha kawaida, na Mauser inatumia maganda ya shaba, ambayo sumaku haiyashiki. Kwenye kitako cha kila ganda kulikuwa na tarakimu mbili juu na mbili chini, ndivyo viwanda vya China vinavyoandika: namba ya kiwanda na mwaka. Hizo zilikuwa risasi za Kalashnikov. Bunduki ya mzee isingeweza kuzipiga hata ingekuwa mpya, na haikuwa mpya. Komeo lake lilikuwa limeganda miaka mingi.

Tulifurahi sana. Tunakiri hivyo. Tulitoka nje tukaitisha baraza pale pale chini ya mwembe, tukaeleza kwa sauti kubwa juu ya rula na sumaku, na watu wakapiga makofi. Vijana waliweka mapanga chini. Mmoja wao alikwenda kumwomba mzee msamaha mbele ya wote, akampigia magoti. Tulifikiri kazi imekwisha, tukaanza kufikiria barabara ya kurudi kabla ya mvua.

Lakini mama yule alikuwa hajainuka kwenye mkeka. Aliuliza: «Sasa kama si hii, ni ipi?» Hatukuwa na jibu. Na nyuma yake mama mwingine, mtu mzima, mjane, aliuliza swali ambalo hatukulitegemea kabisa: «Na hii ilikuwa inafanya nini ndani ya paa?»

Mzee alijibu kwa fahari. Alisema ni bunduki ya babu yake, ambaye alikwenda na askari wa Bula Matari kupiga Wajerumani Tabora, na kwa ajili ya ushujaa wake Wazungu walimpa bunduki arudi nayo nyumbani. Familia nzima ilikuwa imekulia na habari hiyo.

Sehemu ya habari hiyo ni kweli ya historia. Mwaka 1916 Force Publique, jeshi la koloni la Kongo ya Wabelgiji, lilivuka kuingia Afrika Mashariki ya Wajerumani chini ya Jenerali Tombeur. Kigoma ilitekwa mwezi wa saba, Tabora tarehe 19 mwezi wa tisa. Kalemie yetu hii, wakati ule ikiitwa Albertville, ilikuwa kituo kikubwa cha vita hivyo ziwani. Lakini bunduki kupewa askari mweusi aende nayo kijijini, hapo tulisita. Tangu mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, serikali za Ulaya zilikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie mikononi mwa watu wa Afrika, katika eneo lote kutoka latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Kongo nzima imo humo. Mwafrika akipata kibali aliweza kuwa na bunduki ya kienyeji ya baruti, ya kushindilia kwa mbele. Mauser ilikuwa ya serikali, na askari akimaliza miaka yake aliirudisha. Kwa hiyo Mauser ikiwa ndani ya paa la nyumba ya kijijini, kuna siku ghala la serikali lilifunguka. Swali letu likawa: siku gani?

Katika jimbo letu maghala yamefunguka mara nyingi. Mwezi wa saba 1960 askari wa Force Publique waliasi siku chache tu baada ya uhuru. Kisha Katanga ikajitenga, na huku kaskazini kukawa na vita hadi 1963. Mwaka 1964 yakaja maasi ya Simba. Moba ilishambuliwa mwaka 1984 na tena 1985. Mwaka 1996 na 1997 jeshi la Mobutu lilikimbia likiacha silaha njiani, na mwaka 1998 vita vikaanza upya. Lakini bunduki ya zamani namna ile, ya risasi tano, katika miaka ya mwisho hakuna ambaye angejisumbua kuificha. Mtu huficha kitu ambacho wakati ule kilikuwa na thamani.

Aliyejibu ni shangazi wa mzee. Bibi huyu ana zaidi ya miaka themanini, haoni vizuri, na alikuwa ameketi mlangoni bila mtu kumuuliza neno. Alisema, na hapa tunafupisha: «Baba yangu hakuwa askari. Alikuwa mpagazi. Alibeba masanduku ya Wazungu mpaka Tabora na alirudi na kidonda begani, hakurudi na bunduki. Bunduki alileta kaka yangu, wakati wa Mulele.»

Kwa wale vijana wasiojua: huku kwetu wazee wengi huita vita vya 1964 «wakati wa Mulele», ingawa Pierre Mulele mwenyewe alipigana Kwilu, mbali sana na hapa. Waliokuja huku walikuwa Simba. Mwezi wa sita 1964 waliiteka Albertville, na katika siku hizo Jason Sendwe, rais wa jimbo la Katanga ya Kaskazini, aliuawa. Jeshi la serikali liliurudisha mji mwezi wa nane. Simba waliwatafuta hasa wale waliosoma, makarani, walimu, watumishi wa serikali, kwa kuwa waliwaona ni watu wa utawala. Kaka wa yule bibi, yaani baba yake mzee, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Aliwafuata Simba, akapewa bunduki iliyotoka katika ghala la polisi, na jeshi liliporudi alikimbia nayo usiku, akaificha. Alikufa bila kumwambia mwanawe ukweli. Alimwambia habari ya babu na Tabora. Na ile mikato kumi na moja? Bibi alicheka kidogo. «Hizo ni viboko. Aliwapiga viboko ziwani mpaka risasi zikaisha.»

Yule mjane aliyeuliza swali alisimama. Baba yake alikuwa karani. Mwezi wa saba 1964 watu wenye silaha walimtoa nyumbani mbele ya watoto, na hadi leo hawajui alizikwa wapi. Yeye alikuwa na miaka sita. Aliikaribia bunduki ile kwenye mkeka, akaitazama kwa muda mrefu, akatuuliza kama chuma kile kinaweza kusema kama kilikuwa pale siku ile.

Hakiwezi. Mtutu ulikuwa umeliwa na kutu ndani, na hakuna risasi wala ganda la wakati ule la kulinganisha nalo. Tulimwambia hivyo. Alitikisa kichwa, akaondoka bila kuaga.

Hapa ndipo tulipokosea, na tunataka kamati zenu zijifunze kwa gharama yetu. Tuliitisha baraza mapema mno. Tulipokuwa tumemwondolea mzee tuhuma ya mauaji, tulipaswa kusimama hapo kwanza, kisha kukaa na familia yake faraghani, kumsikiliza shangazi kando, kumuuliza chifu ni familia zipi zilizoumizwa mwaka 1964, na kuzitembelea kabla ya jambo lolote kusemwa chini ya mwembe. Badala yake mzee aliingia barazani akiwa mjukuu wa shujaa wa Tabora na akatoka akiwa mtoto wa Simba, mbele ya watu wote, saa moja tu baada ya kupigiwa makofi. Na yule mjane alipata pigo lile akiwa amesimama peke yake. Tulijua kusoma alama za bunduki lakini hatukufikiri kwamba ukiifuata bunduki nyuma unafuata pia watu.

Ilituchukua miezi minne kurekebisha, na sisi hatukurekebisha, kamati ya kijiji ndiyo iliyofanya. Mama wawili wa kamati walikwenda kwa mjane kila wiki. Hawakumwambia asamehe, walimsaidia kulima. Mzee kwa upande wake alikataa kutoka nyumbani. Alisema anaona aibu kwa kitu ambacho hakukifanya, na kibaya zaidi, anamkosa baba yake, maana yule aliyemjua hakuwa yeye. Shangazi ndiye aliyemwambia akome: «Kaka yangu alidanganya kwa sababu aliogopa. Wewe ungefanya nini?» Mwishowe mzee alikwenda mwenyewe kwa mjane, pamoja na shangazi aliyemshika mkono. Waliyosema ndani hatuyajui, wala hatukuuliza. Tunachojua ni kwamba baadaye shangazi aliwaonyesha watu mahali ambapo mwaka 1964 Simba walikuwa na kambi yao, nje ya kijiji, kwenye mihogo ya sasa. Familia ya karani imeweka pale jiwe. Hawajachimba.

Sasa tuseme kidogo juu ya sheria. Katika mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulipitisha hati ya kimataifa ya kuzitambua na kuzifuatilia silaha ndogo. Inataka kila bunduki iwe na jina la aliyeitengeneza, nchi, na namba, na inataka serikali zitunze kumbukumbu za utengenezaji angalau miaka 30, na zile za kuingiza na kutoa angalau miaka 20. Kabla yake kulikuwa na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, na baadaye Mkataba wa Kinshasa wa 2010, ulioanza kutumika 2017. Mnaona wenyewe kwamba bunduki ya mzee, yenye zaidi ya miaka mia moja, imevuka mipaka hiyo yote. Kwa bunduki kama hiyo daftari lililobaki ni shangazi mlangoni. Lakini kwa Kalashnikov hesabu ni nyingine. Hapo serikali yetu, kwa njia ya tume ya taifa ya kudhibiti silaha ndogo, inaweza kuiandikia serikali ya nchi ilikotengenezwa na kuuliza namba hii mliiuza kwa nani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia vikwazo vya silaha Kongo hufanya hivyo pia. MONUSCO iliondoka Tanganyika mwaka 2022, lakini njia hizo mbili zipo. Zinachelewa sana, hilo tusifichane. Na bila namba iliyoandikwa sawasawa haziwezi kuanza kabisa. Tumewahi kupokea barua nzuri ya kurasa mbili yenye mihuri mitatu, inayosema «tumekamata silaha moja ya kivita», bila namba hata moja.

Kwa hiyo mkikuta bunduki, msiishike. Mwiteni mwenye mamlaka na mshuhudie. Andikeni namba zote zilizopo, siyo moja. Chora kila alama, hata nyota, pembetatu au duara dogo ambalo linaonekana si kitu, maana duara hilo laweza kuwa jina la kiwanda. Andikeni tarehe, mahali, na nani aliyeikuta. Na maganda: msiyaoshe. Yule mama aliyaosha kwa upendo, kama anavyoosha vyombo vya wanawe, lakini yaokoteni kwa kijiti au kwa karatasi, yafungeni moja moja, muandike kila moja lilikuwa wapi. Halafu yafike kwa inspekta na mpate karatasi ya kukiri kwamba ameyapokea.

Ile Mauser ilikatwa vipande vitatu kwa mashine, mbele ya chifu, kamati na familia zote tatu. Mzee aliomba abaki na kitako chenye ile mikato ya viboko. Walioikata walisema hapana, sheria haina kipengele hicho, na mti ukachomwa. Tulimwonea huruma, ingawa walikuwa na haki. Mjane alikuja kutazama. Alikaa mpaka mwisho.

Maganda sita yako kwa inspekta, pamoja na picha za tarakimu zake. Barua imepelekwa Kinshasa na jibu halijarudi. Bunduki iliyowaua wale vijana wawili bado inatembea mahali fulani, labda kati ya hapa na Moba, labda imekwisha vuka ziwa. Tumeandika ubaoni tarakimu zilizo kwenye yale maganda. Kabla hamjaenda kula, tunaomba kila kamati izinakili, na ambaye katika kijiji chake wameokota maganda yenye tarakimu hizo hizo, atuone pembeni, si hapa mbele ya watu.